Shilingi Zetu Zikivuka Busia

Hotuba hii ilitolewa Kisumu mbele ya wafanyabiashara wadogo wanaojiandaa kwenda Kampala, Uganda, kununua mali kupitia mpaka wa Busia. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao siku hiyo hawakuweza kuacha vibanda vyao.

Amosou uduto. Mulembe. Hamjambo mama zangu, hamjambo ndugu zangu.

Nianze na swali. Mama ametoka Kondele hapa Kisumu na shilingi 80,000 za chama, kile kikundi chao cha kuweka akiba. Amefika Kampala, amenunua, amelala usiku mmoja, amerudi. Mzigo wake ukiwekwa mezani unapata thamani ya 55,000. Nauli na chakula havifiki hizo 25,000 zilizopungua. Hakuibiwa. Je, pesa nyingine imekwenda wapi? Ukimuuliza yeye mwenyewe, hajui. Wenzake kwenye chama wanaanza kumtazama kwa jicho lingine, na hana la kujibu.

Mama huyo si mwizi, wala si mzembe. Pesa yake ilimtoka kidogo kidogo kila mahali ilipobadilika: noti ya Kenya ilipogeuka ya Uganda, noti ilipogeuka ujumbe wa simu, pesa ilipogeuka mzigo, na mzigo ulipovuka mpaka. Mahali hapo pote panajulikana. Panaweza kuandaliwa ukiwa bado hapa Kisumu, kalamu mkononi. Nawaomba sana: daftari liandikwe kabla ya tikiti kukatwa.

Basi tuanze na karatasi, maana ndizo zinazohitaji siku nyingi.

Uganda humtaka msafiri awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile tunayoiita kadi ya njano. Sikilizeni vizuri hapa. Kadi haifanyi kazi siku ile unayochomwa sindano. Inaanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Kuna wenzetu wawili walipanda basi Alhamisi, na mmoja wao alikuwa amechomwa Jumatatu. Huyo alikuwa na kadi mpya, safi, yenye muhuri. Afisa wa afya mpakani hakuangalia usafi wa kadi, aliangalia tarehe. Mwenye kadi mpya alirudi nyumbani kutoka Busia, nauli ikawa hasara, na mwenzake akaendelea peke yake akibeba orodha mbili za manunuzi. Kwa hiyo hesabu siku 10, ongeza mbili za dharura. Na kama una kadi ya zamani iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni miaka 10, usikimbilie sindano ya pili: tangu mwaka 2016 kanuni za afya za kimataifa zinasema chanjo hiyo ni ya maisha. Itunze tu isilowe.

Kitambulisho. Tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Nasema kitambulisho chenyewe. Nakala siyo. Picha iliyo kwenye simu siyo. Ile karatasi ya kusubiri kitambulisho siyo. Mtoto ambaye hana kitambulisho anahitaji hati yake ya kusafiria, iwe pasipoti au kibali cha muda cha uhamiaji, na hiyo haipatikani kwa kubembeleza dirishani.

Lakini ukiwa na pasipoti, beba pasipoti. Kwa nini? Kwa sababu mgeni anayesajili laini ya simu Uganda huombwa pasipoti. Utaona baadaye laini hiyo inavyokuokolea pesa.

Sasa Busia yenyewe. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi mwaka 2018, mambo yote humalizwa upande wa nchi unayoingia. Unakwenda Uganda? Unapita upande wa Kenya moja kwa moja na kugongewa kutoka na kuingia kwenye jengo la Uganda, dirisha baada ya dirisha. Wengi bado wanazunguka upande wetu wakitafuta dirisha la kutokea, na basi linawasubiri ng'ambo huku konda akilalamika. Kabla ya kushuka fanya mambo matatu: andika namba ya usajili wa basi, chukua namba ya simu ya konda, na uulize litasimama wapi. Shuka na mkoba wako wa pesa na dawa zako. Usiache pesa kwenye kiti kwa kuwa jirani yako ana sura nzuri. Na usipige picha mpakani, wala pale daraja la Jinja, hata kama linapendeza.

Tumevuka. Sasa tuje kwenye noti, na hapa nitakaa.

Shilingi ya Uganda ina noti za 1,000, 2,000, 5,000, 10,000, 20,000 na 50,000. Kwa miaka hii shilingi moja yetu imekuwa ikipata karibu 28 za kwao. Leo nitatumia 28 kwa kuwa ni rahisi kuihesabu. Wewe siku ya safari tumia bei ya siku hiyo. Sasa niambieni, noti yetu ya 1,000 ina rangi gani? Kahawia. Na noti yao ya 1,000? Kahawia pia. Yetu ya 200 ni ya bluu, yao ya 2,000 ni ya bluu. Yetu ya 500 ni ya kijani, yao ya 5,000 ni ya kijani. Yetu ya 100 ni ya zambarau, yao ya 10,000 ni ya zambarau.

Mnaona hatari iliyopo? Mama ameshuka, amechoka, ameagiza chai na chapati za shilingi 3,000 za Uganda. Anachomoa noti tatu za kahawia. Mbili ni za Uganda, moja ni ya Kenya. Ile moja ina thamani ya 28,000. Amelipa 30,000 kwa chai ya 3,000, ameshukuru, ameondoka. Hakuna aliyemwibia. Alichanganya pochi. Dawa yake ni nyepesi: pochi mbili. Ya Kenya ishonewe ndani ya nguo, isifunguliwe barabarani. Ya Uganda ndiyo ya kutumia. Noti ya nchi moja isilale na ya nchi nyingine hata kwa dakika moja.

Sasa kubadilisha. Ukifika kwenye duka la kubadilishia fedha utaona ubao wenye safu mbili: bei ya kununua na bei ya kuuza. Wanaonunua na kuuza ni wao, siyo wewe. Wewe unawauzia shilingi ya Kenya, kwa hiyo bei yako ni ile ya kununua, ambayo daima ni ndogo. Ile bei unayoiona kwenye simu huwa katikati, na hakuna atakayekupa hiyo.

Tuhesabu pamoja. Ubao unasema wananunua kwa 27.5 na kuuza kwa 28.5. Umebadilisha 10,000, ukapata 275,000. Safari ikaahirishwa, ukarudisha pesa zote bila kununua hata kiberiti. Gawanya 275,000 kwa 28.5. Unapata 9,649. Shilingi 351 zimekwenda kwa kwenda na kurudi tu. Kwa hiyo badilisha unachohitaji, usibadilishe yote kwa pupa. Na msimsikilize anayewaambia mnunue dola kwanza ndipo mkabadilishe dola kule. Huo ni ukataji mara mbili. Shilingi ya Kenya inanunuliwa kwa wingi Busia, na Kampala pia. Kama tayari una dola ulizotumiwa na jamaa, jua kwamba maduka mengi ya Uganda hutoa bei ya chini kwa noti ndogo, na noti za zamani au zilizochanika hukataliwa kabisa.

Halafu kuna wale vijana wa kando ya barabara walioshika mabunda. Wengine ni watu wa kweli na wanajitafutia riziki, siwatukani. Lakini lazima mjue mbinu za wachache wao, kwa sababu hazibadiliki. Ya kwanza ni kikokotoo kilichowekewa hesabu ya uongo: unaona mwenyewe jibu, unaamini. Piga hesabu kwa simu yako. Ya pili ni noti iliyokunjwa katikati ya bunda, ikahesabika mara mbili. Ya tatu ni haraka: ukianza kuhesabu anakwambia polisi wanakuja, funga, funga. Ya nne inauma zaidi. Anakuhesabia vizuri, unakubali, halafu anaomba azipange tena, na bunda linalorudi mkononi mwako ni pungufu. Sheria ni moja: pesa ikishahesabiwa na wewe, haitoki tena mkononi mwako. Akiitaka, rudisha yote na uchukue yako. Ukitaka kulala usingizi, nenda benki au kwenye duka lenye leseni, lenye mlango, kiti na risiti.

Tofauti ya bei nayo si kitu kidogo. Kwa 80,000, bei ya 28 inakupa 2,240,000. Bei ya 26.5 inakupa 2,120,000. Pengo ni 120,000 za Uganda, zaidi ya shilingi 4,200 zetu, kwa sababu tu mtu hakuuliza maduka matatu. Badilisha kidogo Busia, labda 3,000 zetu za chakula, boda na malazi ya dharura. Zilizobaki uliza bei Kampala mchana.

Wenye kadi ya benki, neno moja. Mashine ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi za Kenya au za Uganda, chagua za Uganda. Ukichagua za Kenya, mwenye mashine ndiye anayepanga bei, na hapangi kwa faida yako.

Sasa simu. M-Pesa imetuzoesha vizuri hadi tumesahau kwamba mpaka upo.

Kisa hiki kishikeni. Mama yuko Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla. Muuzaji anamwambia atume pesa kwa simu, anamtajia namba inayoanza na 0701. Mama anafungua M-Pesa, anakwenda kwenye kutuma pesa, anaandika 0701 na zilizobaki, anaweka kiasi, anathibitisha. Ujumbe unaingia: pesa imetumwa. Muuzaji anasema hajapata kitu. Pesa iko wapi?

Iko Kenya. Kwa Mkenya asiyejulikana, pengine Nyeri, pengine Kilifi. Kwa sababu 0701 ni Airtel kwa Waganda, lakini kwetu ni Safaricom. Namba zetu na zao zinafanana mwanzo, na njia ya kawaida ya kutuma pesa haivuki mpaka. Kutuma Uganda kuna njia yake ndani ya M-Pesa, ile ya kimataifa, na namba lazima ianze na 256. Jina la mpokeaji likitokea, lisome kwa sauti na muuzaji alisikie. Kama siyo lake, simamisha hapo hapo. Ukikosea na pesa ikaenda kwa mtu wa Kenya, tuma ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 mara moja, usisubiri kufika nyumbani, kwa maana yule aliyepokea akishatoa pesa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Washa huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi ukiwa bado Kisumu. Jaribu namba yako ya siri ya M-Pesa kabla ya kuondoka. Laini yako ya Kenya isitoke kwenye simu, kwa sababu ujumbe wa benki wa kuthibitisha malipo unakuja huko huko. Na jambo ambalo watu hulifikiria wakishachelewa: ukipoteza simu Kampala, hakuna duka la kule litakalokupa laini mpya ya Kenya. Kama pesa yako yote iko kwenye laini hiyo, umekwama hadi urudi. Kwa hiyo pesa isikae mahali pamoja.

Laini ya Uganda nayo inasaidia ukimlipa muuzaji moja kwa moja. Uganda hukata kodi ya asilimia 0.5 mtu anapotoa pesa taslimu kwenye simu, juu ya ada ya wakala. Kwa milioni moja hiyo ni 5,000. Anayelipa simu kwa simu hakatwi kodi hiyo. Anayetoa kwanza ndipo alipe, anakatwa.

Ya mjini Kampala nitayapitia upesi. Ukisema unataka teksi, utapelekwa kwenye matatu, kwa sababu kwao teksi ndiyo matatu. Gari la kukodi peke yako wanaliita special hire, na bei hupatanwa kabla ya kuingia, kama boda. Kiswahili utakipata kwa wafanyabiashara wengi, lakini bei sokoni husemwa kwa Kiganda. Lukumi ni 1,000. Mutwalo ni 10,000, na emitwalo ni wingi wake. Muuzaji akisema emitwalo ebiri, ni 20,000. Wageni wengi husikia mbili, wakatoa 2,000, mabishano yakaanza. Mwiteni mwanamume ssebo, mwanamke nnyabo. Heshima hiyo hupunguza bei kuliko kelele. Fika mjini jua likiwa bado juu, na karibu na vituo vya matatu mkoba ukae mbele ya kifua.

Sasa turudi na mzigo. Hapa ndipo daftari linapomtetea mtu au kumwumbua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema kweli.

Wengi wenu mmeambiwa kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna ushuru. Hilo ni nusu ya habari. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata hati rahisi ya asili ya bidhaa pale pale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Ushuru wa forodha, nasema. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 bado ipo kwa bidhaa zinazotozwa. Na mitumba ya soko la Owino kule Kampala je? Haikutengenezwa Uganda. Nguo za China za Kikuubo? Hazikutengenezwa Uganda. Kununuliwa Kampala hakuzifanyi kuwa za Kampala. Mali hiyo inaweza kutozwa kama mali ya nje, na kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ushuru huo ni asilimia 25, nyingine 35, halafu VAT inapigwa juu ya jumla.

Chukua mzigo wa 42,000. Asilimia 25 ni 10,500. Jumla 52,500. VAT juu yake ni 8,400. Hiyo ni 18,900, kabla ya ada ndogo ndogo. Mkeka au beseni lililotengenezwa Uganda lenye hati yake, kwa thamani ile ile, halina zile 10,500. Je, si afadhali kujua hilo kabla ya kuchagua cha kununua?

Ndiyo maana nasema mwenye 80,000 hana mzigo wa 80,000. Andikeni. Elfu 3 za kubadilisha Busia. Elfu 42 za mali. Elfu 25 za kurudia, yaani kodi, nauli na ubebaji, zikae kwenye M-Pesa zisiguswe hata bei ikiwa tamu namna gani. Elfu 10 za dharura, mahali pengine kabisa. Yule mama wa Kondele alinunua mali kwa karibu pesa yote kwa kuwa bei zilikuwa nzuri. Akafika mpakani hana ya kodi. Akauza sehemu ya mzigo pale pale Busia kwa bei ya kutupa ili avushe uliobaki. Sehemu ya pengo lake la 25,000 ilitokea hapo.

Wengine hapo ndipo wanaposhawishiwa kupita njia za panya. Mama zangu, tafadhali. Ukikamatwa unapoteza mzigo wote, na chama kinapoteza imani. Mpakani kuna dawati la kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuhusu hati na viwango. Anzeni hapo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote anayejitolea kuwasaidia. Daini risiti kwa kila ununuzi, iwe na jina la duka, tarehe na kiasi, kwa sababu usipokuwa nayo afisa atakadiria thamani mwenyewe. Mbegu, miche na matunda yana ukaguzi wake, msiyafiche ndani ya nguo.

Na mifuko. Uganda mtapewa mifuko ya plastiki, wanaiita kaveera. Kwetu mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na faini inaanzia milioni mbili. Bebeni magunia na vikapu kutoka soko letu la Kibuye, na hamisheni vitu kabla ya kufika Busia.

Limebaki la sarafu. Hakuna duka litakalokubadilishia sarafu za Uganda, na noti ndogo zilizochakaa pia watazikwepa. Basi likisimama Namawojjolo, kabla ya kuuingia msitu wa Mabira, wauzaji watakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Malizia sarafu zako hapo. Hesabu chenji kabla basi halijaondoka.

Sasa naona mikono. Tuanze na mama wa kitambaa cha bluu pale mbele, ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja siku 10 za kadi ya njano.